Kabla ya Kulipa Ada: Njia Nafuu na Salama ya Kuingia Katika Kazi ya Uuguzi

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, matangazo ya vyuo huenea kila mahali: kwenye nguzo za umeme, kwenye milango ya maduka, katika vituo vya daladala na katika simu za wazazi. Mengi ni ya vyuo halali. Mengine huahidi kozi ya "unesi msaidizi" ya miezi mitatu au sita, kwa ada nafuu na kwa ajira ya haraka. Mzazi aliyeuza mahindi ya msimu ili binti yake asome hulitazama tangazo la namna hiyo akiwa na swali moja: ni shilingi ngapi?

Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: cheti kitakachotolewa kinatambuliwa na nani, na kinafungua mlango gani unaofuata? Kozi ya bei ndogo ambayo cheti chake hakikubaliki hospitalini wala katika chuo kingine ndiyo iliyo ghali kuliko zote, kwa kuwa fedha imekwisha, muda umepita, na kijana analazimika kuanza upya. Makala haya yanaeleza ngazi za uuguzi zilivyopangwa, njia za kuanzia zisizo na gharama kubwa, na namna ya kuhakiki chuo kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Ngazi za uuguzi na kile ambacho kila ngazi inampa mtu

Mafunzo ya uuguzi na ukunga katika vyuo vya kati yapo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, linalojulikana kwa kifupi kama NACTVET. Baraza hilo hupanga tuzo kwa namba. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, yaani astashahada ya awali. Mwaka wa pili ni ngazi ya 5, yaani astashahada. Mwaka wa tatu ni ngazi ya 6, yaani stashahada, ambayo wengi huiita diploma.

Jambo ambalo familia nyingi hulifahamu kwa kuchelewa ni kwamba mwaka wa kwanza peke yake haumfanyi mtu kuwa muuguzi. Anayeishia ngazi ya 4 kwa kukosa ada hana sifa ya kupewa leseni ya uuguzi. Kwa hiyo bajeti ya familia ihesabiwe kwa miaka miwili kwa uchache, na kwa mitatu iwapo lengo ni stashahada.

Chombo cha pili cha kufahamu ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Chuo hutoa elimu, lakini Baraza hili ndilo linalompa mhitimu haki ya kufanya kazi. Mwenye astashahada huorodheshwa. Mwenye stashahada au shahada husajiliwa. Bila leseni ya Baraza, hakuna mtu anayeruhusiwa kisheria kufanya kazi kama muuguzi, hata awe na cheti chenye mihuri mingapi.

Kuhusu sifa za kujiunga, mwombaji wa uuguzi na ukunga anatakiwa awe na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, na katika hayo yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu hapa ni kuanzia alama D. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Masomo ya sayansi ni sharti la kujiunga. Chuo kinachosema kwamba yatapuuzwa kwa makubaliano maalumu kinapaswa kumtia mzazi shaka papo hapo.

Milango ya kuanzia isiyo na gharama kubwa

Si kila kijana anaweza kuingia chuo cha uuguzi mwaka huo huo aliomaliza shule. Wapo wasio na ada kwa sasa, wapo wanaosubiri kurudia somo moja, na wapo wanaotaka kwanza kuona kama kazi ya kuhudumia wagonjwa inawafaa. Kwao ipo milango mitatu iliyo halali.

Mlango wa kwanza ni uhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwezi Januari mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kuwafunza wahudumu hao, wakilengwa kufikia 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, kwa hesabu ya wawili katika kila kitongoji na kila mtaa. Mafunzo ni ya miezi sita, darasani na kwa vitendo. Mhudumu hutembelea kaya, hutoa elimu ya lishe, usafi, chanjo na afya ya mama na mtoto, hutambua dalili za hatari na kuwaelekeza wagonjwa kwenye zahanati. Wanaochukuliwa ni wakazi wa eneo husika, na jamii hushirikishwa katika kuwachagua. Utekelezaji unakwenda kwa awamu. Kwa hiyo nafasi hazitangazwi kila mahali kwa wakati mmoja. Anayependa nafasi hiyo anapaswa kuhudhuria mikutano ya kitongoji au mtaa wake na kusoma mbao za matangazo katika ofisi ya mtendaji.

Mlango wa pili ni kazi ya mhudumu wa afya katika kituo cha tiba. Katika matangazo ya ajira za umma, nafasi hii huhitaji elimu ya kidato cha nne pamoja na mafunzo ya mwaka mmoja katika fani ya afya kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Mhudumu husafisha vifaa na mazingira ya wodi, hutandika vitanda, humsaidia mgonjwa asiyejiweza kuoga, kula na kwenda haja, hupeleka sampuli maabara na kuchukua dawa famasi. Ni kazi nzito na yenye heshima. Pia ni shule nzuri: anayetoka hapo kwenda chuo cha uuguzi tayari anajua harufu ya wodi, zamu ya usiku, na namna ya kuzungumza na mtu mwenye maumivu.

Mlango wa tatu ni mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo hayo, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) huyatoa kwa ajili ya sehemu za kazi. Ni mafunzo ya muda mfupi. Hayampi mtu cheo hospitalini, lakini humpa ujuzi wa kweli wa kuzuia damu isivuje, kumhudumia aliyeungua au aliyevunjika mfupa, na kumsaidia aliyepoteza fahamu. Kiwanda, shule au kampuni ya usafirishaji huweza kumthamini mtu mwenye ujuzi huo.

Pamoja na faida zake, milango yote mitatu ina mpaka mmoja ambao lazima usemwe wazi. Hakuna hata mmoja unaochukua nafasi ya ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mhudumu wa afya aliyefanya kazi miaka kumi, akitaka kuwa muuguzi, ataulizwa cheti chake cha kidato cha nne kama anavyoulizwa kijana aliyemaliza shule jana. Mafunzo haya humwezesha mtu kupata kipato, uzoefu na uhakika wa moyo wake wakati anajiandaa, hayamrukishi ngazi.

Mtego wa "nesi msaidizi"

Kozi zinazotangazwa mitaani kwa jina la "nesi msaidizi" zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika ngazi zilizoelezwa hapo juu hakuna tuzo ya uuguzi inayopatikana kwa miezi mitatu wala sita. Anayepewa cheti cha namna hiyo hawezi kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hawezi kukitumia kuingia mwaka wa pili wa chuo kinachotambuliwa.

Madhara hayaishii kwenye fedha. Mtu asiye na leseni akiwekwa kuchoma sindano au kufunga dripu katika kituo kisichofuata taratibu, anayeumia ni mgonjwa, na anayeulizwa na vyombo vya sheria ni yeye mwenyewe aliyeshika sindano. Vivyo hivyo kwa wanaoahidiwa kazi katika maduka ya dawa muhimu: watoa dawa wa maduka hayo wana mafunzo yao yanayosimamiwa na Baraza la Famasi, na cheti cha mtaani hakiwezi kusimama mahali pake.

Hatua za kuhakiki chuo na kozi

Uhakiki hauna malipo na unaweza kumalizika ndani ya siku moja. Mambo matano yaangaliwe kwa mpangilio.

Kwanza, usajili wa chuo. Kila chuo kinachotambuliwa na NACTVET kina namba ya usajili. Kwa vyuo vya afya na sayansi shirikishi namba hiyo huanza na herufi REG/HAS. Mzazi aiombe namba hiyo kwa maandishi, kisha ailinganishe na orodha iliyopo katika tovuti ya NACTVET.

Pili, kozi yenyewe. Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa kwa kozi ya maabara au famasi, lakini hakina idhini ya kufundisha uuguzi. Kila mwaka NACTVET hutoa mwongozo wa udahili unaoonesha jina la chuo, mahali kilipo, mmiliki wake, kozi zilizoidhinishwa, sifa za kujiunga, muda wa masomo, idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa na ada. Kozi isiyoonekana katika mwongozo huo isilipiwe.

Tatu, hospitali ya mafunzo kwa vitendo. Uuguzi haufundishwi kwa ubao peke yake. Chuo kitaje hospitali ambako wanafunzi wake huenda kujifunza, na mzazi aulize katika hospitali hiyo kama taarifa ni za kweli.

Nne, njia ya malipo. Vyuo vya Serikali hupokea ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Vyuo binafsi huwa na akaunti ya benki yenye jina la chuo. Anayetaka ada itumwe kwenye simu ya mtu binafsi, kwa maelezo kwamba nafasi zinakaribia kwisha, asipewe.

Tano, uhakiki wa udahili. Baada ya chuo kumpokea mwanafunzi, jina lake hupelekwa NACTVET kuhakikiwa. Mwanafunzi afuatilie mpaka aone kwamba jina lake limekubaliwa. Wapo wanaosoma kwa miezi kadhaa na kugundua karibu na mitihani kwamba hawakuwa na sifa tangu mwanzo, na kwamba chuo kilinyamaza.

Gharama halisi na vyanzo vya fedha

Ada iliyoandikwa katika mwongozo ni sehemu tu ya gharama. Familia inapaswa kuomba chuo fomu ya maelekezo ya kujiunga, na kuandika kwenye karatasi kila kinachodaiwa: ada, malazi, chakula, sare za wodini na viatu, michango ya mitihani, bima ya afya, kitambulisho, vitabu, na nauli ya kwenda kwenye vituo vya mafunzo kwa vitendo. Jumla hiyo izidishwe kwa idadi ya miaka. Mara nyingi chuo kinachoonekana cha bei ndogo kwa ada huzidi kingine baada ya kuongeza malazi na michango, na chuo kilicho mkoa wa jirani huweza kuwa nafuu kuliko cha mbali chenye ada ndogo zaidi.

Kwa kawaida vyuo vya Serikali ndivyo vyenye unafuu. Maombi ya kujiunga na kozi za afya katika vyuo vya Serikali vya Tanzania Bara hufanyika kwa pamoja kupitia mfumo wa udahili wa NACTVET, ilhali vyuo binafsi hupokea maombi moja kwa moja. Ushindani katika vyuo vya Serikali ni mkubwa. Kwa hiyo mwombaji achague zaidi ya chuo kimoja, na aombe mapema bila kusubiri siku ya mwisho.

Kuhusu mikopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, baadhi zikiwa za afya. Hata hivyo si kila kozi ya afya imo katika orodha, na mikopo hiyo ni ya stashahada, si ya astashahada. Mwombaji asome mwongozo wa mwaka husika na kutafuta jina la kozi yake kabla ya kuiweka mikopo katika hesabu. Familia zilizo katika mpango wa TASAF zitunze namba zao za utambulisho, kwa kuwa huhitajika katika kuthibitisha hali ya mwombaji.

Wananchi wengi pia huuliza kama mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yaweza kulipia ada. Mikopo hiyo, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi vyenye shughuli za kiuchumi na haina riba. Si mikopo ya ada. Hata hivyo mama aliye katika kikundi cha kufuga kuku au kushona sare huweza kumsomesha mwanawe kwa faida ya shughuli hiyo, mradi marejesho ya kikundi yasiguswe.

Kwa aliyekosa alama katika somo moja

Kukosa alama ya Fizikia au Kemia si mwisho wa safari. Baraza la Mitihani la Tanzania huruhusu watahiniwa wa kujitegemea kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mtahiniwa achague kituo chenye maabara, kwa kuwa masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na asiyewahi kushika birika la maabara kwa mwaka mzima hushindwa hapo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo hutoa elimu ya sekondari kwa njia huria kwa wale walioacha shule mapema.

Mwaka wa kurudia mtihani ndio wakati mwafaka wa kutumia ile milango ya kuanzia. Tuseme binti amefaulu Baiolojia, Kemia, Kiswahili na Jiografia, lakini amekosa Fizikia. Anaweza kujiandikisha kurudia Fizikia, na wakati huo huo kuomba nafasi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii ikitangazwa kitongojini kwake, au kusoma huduma ya kwanza. Mwaka ukiisha atakuwa na somo lililokosekana, uzoefu wa kukaa na wagonjwa, na akiba kidogo. Binti mwenzake aliyelipia "unesi msaidizi" wa miezi sita atakuwa na cheti, na Fizikia bado hana.

Jambo dogo linalochelewesha wengi ni majina. Jina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa yanapaswa kulingana. Palipo na tofauti ya herufi au jina la ukoo, marekebisho yaanze mapema, kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Baada ya stashahada

Mhitimu wa astashahada anaweza kufanya kazi na baadaye kurudi chuoni kusoma stashahada. Aliye kwenye utumishi wa umma hupitia kwa mwajiri wake kuomba ruhusa ya masomo. Mwenye stashahada anayetaka shahada ya uuguzi huomba NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo, kisha huomba chuo kikuu kwa kutumia namba hiyo. Kila daraja hapa limeshikwa na lile lililotangulia, na ndiyo maana daraja la kwanza likiwa bovu yote yanayofuata hayapandiki.

Pa kuuliza katika kata

Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji au Mtaa wana matangazo ya nafasi za uhudumu wa afya ngazi ya jamii. Afisa Elimu Kata anaweza kueleza utaratibu wa kurudia mtihani na vituo vilivyo karibu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata anashughulikia mikopo ya vikundi. Mganga Mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya, pamoja na Muuguzi Mkuu wa Wilaya katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, wanaweza kusema kama cheti fulani kinakubalika kazini. Huduma hizo za ushauri hazilipiwi. Asiye na intaneti anaweza kuomba msaada katika ofisi ya kata au shule ya sekondari iliyo karibu ili aoneshwe mwongozo wa udahili.

Kuuliza si ujinga. Mzazi anayechukua siku moja kwenda ofisi ya kata akiwa na jina la chuo, namba ya usajili na karatasi ya gharama, huenda akaokoa mavuno ya msimu mzima na miaka miwili ya maisha ya mwanawe. Wodi zinahitaji wauguzi, na vijana wa kata wenye moyo wa kazi hiyo wapo. Kinachotakiwa ni kwamba kila shilingi inayolipwa imsogeze kijana hatua moja ya kweli kuelekea kwenye leseni yake.